Setla wa Kwanza

Kamusi zetu zinatueleza kwamba mlowezi ni mtu aliyetoka kwao akahamia mahali pengine na kufanya makazi yake huko. Maelezo hayo ni ya haki, maana hayataji rangi ya mtu. Lakini sisi tuliokulia kandokando ya Mlima Meru neno hilo hatukulitumia. Tulisema setla, na kila mtu alielewa kwamba tunamtaja Mzungu mwenye shamba, farasi, mbwa wakali na bunduki. Mwafrika aliyeacha kihamba cha baba yake, akateremka porini penye simba na kifaru, akafyeka, akachimba mfereji na kusimamisha nyumba, huyo hakuitwa setla. Aliitwa mtu wa Engare Nanyuki, basi.

Nilifundisha kwa miaka mingi. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi, baadaye nikawa mkufunzi wa historia, na hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu. Katika miaka ya 1980 tulikuwa na desturi ya kuwapeleka wanachuo wa mwaka wa pili Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Wanachuo walipenda safari ile kwa sababu ya twiga na flamingo, mimi nikaipenda kwa sababu ya historia. Siku moja nilikuwa nikiwaeleza juu ya Margarete Trappe, mama wa Kijerumani aliyefungua shamba pale. Nikamwita kama wengi wanavyomwita, setla wa kwanza wa Momella. Mwanachuo mmoja wa kike kutoka Singida akanyosha mkono. “Mwalimu,” akasema, “na waliomsaidia kufyeka walikuwa wa ngapi?”

Wenzake walicheka sana. Mimi nilicheka nao, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na nadhani nimekuwa nikilijibu tangu siku hiyo.

Kwanza tumpe mama yule haki yake, maana maisha yake hayakuwa ya mchezo. Margarete Trappe alizaliwa mwaka 1884 huko Silesia, jimbo lililokuwa la Ujerumani wakati huo na ambalo sehemu yake kubwa sasa imo katika Poland. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 23, aliingia nchi hii pamoja na mumewe, Ulrich, aliyekuwa ofisa wa jeshi. Wakapanda mpaka ubavu wa mashariki wa Meru, Ngongongare na Momella, wakaanza shamba na ufugaji. Mama yule alijifunza kuwinda, akawa mwindaji hodari kiasi kwamba anatajwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Afrika Mashariki kuifanya kazi hiyo kwa riziki. Watu wa pale walimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Si kila setla aliyepewa jina la namna hiyo. Wengine walipewa majina ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu hiki.

Vita ya 1914 ilipoanza mume akaenda kupigana katika jeshi la von Lettow-Vorbeck. Mke akabaki na shamba, watoto na ng'ombe. Husimuliwa kwamba alipanda farasi usiku kupeleka habari na mahitaji kwa askari wa Kijerumani waliokuwa katika nyika kati ya Meru na Longido. Sipati taabu kuyaamini hayo, maana nyika ile ilikuwa njia ya vita hasa. Longido yenyewe ilipiganiwa tarehe 3 Novemba 1914. Mwezi Machi 1916 kikosi kikubwa cha Waingereza chini ya Jenerali Stewart kilitoka Longido, kikapita katikati ya Kilimanjaro na Meru, kikakatiza Engare Nanyuki na kutokea Boma Ng'ombe. Mwezi haujaisha, mji wa Arusha nao ukawa mikononi mwa Waingereza, na lile boma la mawe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 likapandishwa bendera nyingine.

Hapa pana jambo moja ambalo kila nilipolifundisha darasa zima liliamka. Mkuu wa majeshi ya Waingereza mwaka ule wa 1916 alikuwa Jenerali Jan Smuts, Kaburu wa Afrika Kusini. Smuts huyo huyo alikuwa amepigana na Waingereza katika vita ya Makaburu ya mwaka 1899 hadi 1902. Vita ile ilipokwisha kwa Makaburu kushindwa, baadhi yao walikataa kabisa kuishi chini ya Mwingereza. Wakafunga virago, wakaja kwa Mjerumani, naye akawapa mashamba kuuzunguka Mlima Meru. Hawa ndio askari wastaafu wa kwanza kulipwa ardhi katika wilaya yetu, nao walilipwa kwa vita waliyopigana mahali pengine dhidi ya mtu mwingine. Wengine hawakudumu, wakasogea hadi Uasin Gishu, Kenya. Waliobaki hapa wakajikuta, baada ya miaka kumi hivi, wametekwa na Mwingereza yule yule waliyemkimbia, akiongozwa na Kaburu mwenzao.

Vita ilipokwisha, mali za Wajerumani zilihesabiwa kuwa mali za adui. Mashamba yao yalikusanywa na serikali, yakauzwa, na wenyewe wakafukuzwa nchini. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, na akina Trappe wakawa miongoni mwa waliorudi. Mwaka 1939 vita nyingine ikaja, na Wajerumani wa Tanganyika wakatiwa tena makambini. Mama Trappe alifariki Momella mwaka 1957. Wapo wanaosimulia kwamba tembo walikuja kusimama karibu na nyumba yake siku za msiba wake. Hilo naliacha kwa wasimulizi. Miaka michache baadaye Wamarekani walikuja kupiga filamu ya Hatari! katika eneo lile, iliyotolewa mwaka 1962, na mwigizaji wake mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, akapapenda hata akanunua shamba na kuishi pale miaka kadhaa.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyomkumbuka setla wa Momella. Sasa nikueleze, msomaji, juu ya setla mwingine, ambaye hakuandikwa.

Alikuwa mzee wa Kimeru, jirani wa ndugu zangu upande wa Engare Nanyuki. Jina lake silitaji kwa sababu watoto wake wapo na sikuwaomba ruhusa. Nilianza kumtembelea mwaka ule ule wa swali la mwanachuo wa Singida. Nilipobisha hodi nikasema, “Shikamoo Mzee,” alijibu, “Marahaba Mwalimu,” kisha akanitazama miguuni kuona kama nimevaa viatu vya kutembelea. Hakupenda kuzungumza akiwa amekaa. Alitaka mtembee naye mipakani mwa shamba.

Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa na mimba yake Waingereza walipopita, na kwa hesabu zangu huo ni mwaka 1916. Alizaliwa juu mlimani, kwenye migomba. Lakini Meru ya utoto wake ilikuwa imekwisha fungwa. Tangu enzi za Mjerumani mashamba ya masetla yalikuwa yamepangwa chini ya mlima kama pete. Juu kuna msitu wa serikali, chini kuna Wazungu, na katikati kuna Wameru na Waarusha wanaoendelea kuzaa. Kihamba cha babu yake kiligawanywa kwa wana wanne, na cha baba yake kiligawanywa tena kwa watano. Yeye alikuwa wa nne kuzaliwa. Asiyejua maana ya hesabu hiyo na amuulize Mmeru yeyote.

Upande wa kaskazini tu ndiko palikuwa na mwanya, nako hakukutamanika. Mvua inaishia mlimani. Upepo unavuma vumbi kutwa. Maji ni machache, na yenyewe ni mekundu, ndiyo maana Wamaasai wakapaita Engare Nanyuki, maji mekundu. Tena yana madini ya floridi kwa wingi mno. Mtoto anayekulia maji yale meno yake hugeuka rangi ya kahawia, na akizidi kuyanywa hata mifupa huweza kupinda. Ukiona mtu Dar es Salaam mwenye meno ya namna hiyo humwulizi kabila, unamwuliza tu anatoka upande gani wa Arusha.

Huko ndiko alikokwenda katika miaka ya 1930, kijana mwenye ng'ombe watatu na mbuzi kadhaa. Aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alilala juu ya dungu kwa hofu ya simba, na mwaka wa pili kifaru alivunja zizi lake. Alichimba mfereji na wenzake, wakapeana zamu za maji kwa siku. Mpaka wake aliupanda masale, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu ni alama ya mpaka na tena ni alama ya kuombana msamaha. Alioa. Mtoto wa kwanza alizaliwa pale. Nikimsikiliza nilikuwa nikijisemea kimoyomoyo kwamba kama angekuwa Mzungu, maisha haya yangeandikwa London na kutiwa picha.

Lakini nisije nikawadanganya wasomaji kwa kuegemea upande wetu. Nilimwuliza siku moja, “Mzee, na kabla yenu alikuwa nani?” Akaonyesha kwa fimbo upande wa tambarare. Akasema Wamaasai walikuwa wakipita na mifugo yao wakati wa mvua. Kisha akaonyesha mlimani, akasema wahenga wetu wenyewe walipotoka upande wa Kilimanjaro waliwakuta wawindaji msituni, Wakoningo, nao leo hakuna anayejiita kwa jina hilo. Waarusha nao walikuja kutoka Arusha Chini katika karne ya 19, wakafyeka upande wa kusini-magharibi. Mlima huu umekuwa na masetla wengi. “Tofauti,” alisema yule mzee, “ni kwamba sisi hatukuja na karatasi.”

Mwaka 1942 alijiandikisha Keya, yaani King's African Rifles. Hakukamatwa kwa nguvu kama wengine. Alikwenda mwenyewe hadi boma la Arusha kwa sababu alitaka fedha za kununua ng'ombe wa maziwa na mabati. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia katika vita ile. Alifunzwa Kenya, akasafirishwa kwa meli kutoka Mombasa hadi Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka. Meli nyingine ya njia hiyo hiyo, Khedive Ismail, ilizamishwa na manowari ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, na watu karibu 1,300 walikufa kwa muda mfupi sana, wakiwamo askari wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Yeye alipoisikia habari hiyo alikuwa amekwisha kufika nchi kavu. Tangu hapo, alisema, hakupenda hata kuvuka mto kwa mtumbwi.

Katikati ya mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingizwa Burma. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Aliponieleza hilo alicheka hadi akakohoa. Kifaru aliyemvunjia zizi Engare Nanyuki amemfuata mpaka Asia! Walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, na masika ya Burma si kama yetu. Barabara zilikuwa matope ya kufika magotini, nyumbu walizama na mizigo, malaria na kuhara viliwaangusha watu kuliko risasi. Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma walijificha katika mahandaki ya magogo na kupiga risasi mtu akiwa amekwisha wapita. Mwezi Desemba 1944 divisheni ilifika mto Chindwin, pale Kalewa, na wahandisi wakatandika daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Mzee alilivuka kwa miguu, akihesabu mbao. Alisahau idadi, lakini hakusahau kwamba alihesabu.

Kuhusu kuua hakusema, nami sikuuliza. Wazee wale tuliowakuta, waliopigana Abisinia, Madagaska na Burma, wengi walikuwa hivyo. Watakueleza juu ya chakula, matope, wanawake waliowaona kwa mbali, afande mmoja mjinga, nyimbo za kutembelea. Ukisogea karibu na jambo lenyewe watakuuliza kama ng'ombe wako wamekunywa maji.

Alirudi mwaka 1946 akiwa na kipande cha kuachishwa jeshi, nishani, koti zito na fedha kidogo. Alipiga nyumba yake mabati, ya kwanza kwa Mwafrika katika sehemu ile kwa maelezo yake. Akanunua ng'ombe. Alikuwa na miaka 30 hivi, na alidhani vita imemwishia.

Tukumbuke wakati huo serikali za kikoloni zilikuwa zikifikiria nini juu ya askari waliorudi. Kule Kenya, baada ya vita zote mbili, ulikuwapo mpango rasmi wa kuwapa maofisa wa Kizungu mashamba kama shukrani ya taifa. Askari Mwafrika alipewa sanamu. Dar es Salaam ipo tangu 1927, nzuri kweli, askari ameshika bunduki na singe. Wapagazi wa vita ya kwanza, ambao wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yake walifikia 95,000 au zaidi, wameachiwa jina la mtaa wa Kariakoo.

Husimuliwa pia kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua katika miaka ya 1960 kuwalipa wazee waliokuwa askari wa von Lettow, wengi wao hawakuwa na karatasi. Ofisa wa benki akampa kila mmoja fimbo ya ufagio na kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Sijui kama ilikuwa hivyo hasa, lakini nimewasimulia wanachuo hadithi hiyo mara nyingi, na ninaipenda kwa sababu inaonyesha jambo moja: kwamba kuna watu ambao ushahidi wao wote umo mwilini.

Huku kwetu, mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi katika Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Ilikiri kwamba Wameru na Waarusha wamebanwa mlimani na wanahitaji ardhi. Lakini ilipendekeza pia kwamba mashamba ya Wazungu yaunganishwe yawe eneo moja lisilochanganyika rangi, kati ya Kilimanjaro na Meru, kwa ajili ya ufugaji wa kisasa. Ili hilo lifanyike Wameru wa Engare Nanyuki walitakiwa kuondoka wapelekwe King'ori, chini kwenye joto na mbu. Yaani mtu mwenye njaa ya ardhi anakubaliwa kwamba ana njaa, halafu anaondolewa sahani.

Wameru walikataa. Walikataa kwa barua, kwa mikutano na kwa wajumbe. Walikataa hata fidia, na hili vijana wa leo huniona mwongo nikiwaambia: maskini kakataa fedha! Lakini wazee walielewa vizuri kwamba ukipokea fedha umeuza, na wao hawakuwa wamekuja sokoni.

Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwahamisha ilianza. Polisi walikuja na malori. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, kanisa na shule havikusalimika, mifugo ikaswagwa na mingi ikafa njiani au huko ilikopelekwa. Mzee aliniambia kwamba siku zamu yake ilipofika alivaa koti lake la jeshi na nishani, akasimama mlangoni kwa mkao wa mguu sawa. Alidhani ofisa atakayekuja huenda alikuwa Burma. Akaja kijana wa Kizungu, mwekundu wa jua, na askari weusi kadhaa. Kijana aliiangalia nishani, akaitambua, akageuza uso. Kisha akatoa amri.

“Ulifanya nini, Mzee?”

“Nilipiga saluti. Nikatoa kasha langu la bati nje. Wakawasha.”

Nilimwuliza kwa nini alipiga saluti. Tulikuwa tumefika pembeni mwa shamba, kwenye mfereji. Alikaa kimya kwa muda, akaokota jani lililokuwa limeziba maji. Akasema, “Nilitaka akumbuke.”

Yaliyofuata yamo katika vitabu, na ni fahari ya wilaya yetu. Wameru walichangishana, mwenye mbuzi akatoa mbuzi, mwenye kahawa akatoa kahawa. Wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mtu mweusi wa visiwa vya Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza habari ya Engare Nanyuki kwa ulimwengu mzima. Mwisho wa mwaka huo kamati ya Baraza Kuu ilipitisha azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao, lakini lilipofika katika mkutano wa Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili za kura. Tulishindwa kwa kura. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akiwaeleza watu, na mkoloni hakuweza tena kusema kwamba Tanganyika ni shwari. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye alikwenda kuzungumza mbele ya baraza lile lile.

Mzee wangu hakuwa mwanasiasa. Alitoa ng'ombe mmoja kwa ajili ya nauli ya Kirilo, kati ya wawili waliombakia. King'ori hakukaa. Alirudi mlimani kwa kaka yake, akajenga kibanda nyuma ya zizi la watu, mtu wa miaka 35 mwenye nishani ya mfalme. Miaka ile ndiyo iliyokuwa migumu kuliko Burma, alisema, maana Burma alijua itakwisha. Mtoto wake wa tatu alifia pale. Mara kwa mara alishuka hadi Engare Nanyuki kufanya kibarua cha kuchunga ng'ombe wa setla mpya, juu ya ardhi aliyoifyeka mwenyewe. Nilishangaa, nikamwuliza aliwezaje. Akaniambia, kama anayemweleza mtoto, kwamba mtu asiyepaona mahali hupasahau.

Uhuru ulipokuja masetla wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na Wameru wakarudi. Leo Engare Nanyuki ni kata yetu kama kata nyingine, ina shule, ina makanisa, na nyanya zake zinauzwa soko la Kilombero mjini Arusha na hata Dar es Salaam. Mzee aliporudi hakukuta ukuta wala jiwe la meko, kila kitu kilikuwa kimelimwa au kuota nyasi. Alitafuta siku mbili. Siku ya tatu akaona majani ya kijani kibichi katikati ya ukame. Masale yake yalikuwa yameungua juu, lakini shina halikufa, yamechipua. Akatembea kutoka mche hadi mche, kona nne, akapima nyumba yake ilipokuwa.

Mwaka uliofuata nilimpeleka yule mwanachuo wa Singida na wenzake nyumbani kwa mzee, baada ya kuangalia flamingo. Walimsalimia wote kwa pamoja, darasa zima, naye akafurahi kama mwalimu wa gwaride. Aliwaonyesha kipande chake cha jeshi, kilichoungua pembe moja ingawa kasha lilitolewa nje, cheche ziliruka. Binti akamwuliza swali lake bila woga, kama yeye ndiye setla wa kwanza. Mzee akamwuliza setla ni nini. Binti akaeleza kama kamusi inavyoeleza. Mzee akafikiri, akasema, “Basi labda ni wa kwanza kurudi.”

Alifariki katika miaka ya 1990. Vifaru wa Momella walikuwa wamekwisha kabla yake, majangili waliwamaliza. Nishani iko kwa mwanawe wa kwanza. Kipande cha jeshi kilipotea wakati wa kuhama chumba, na wajukuu wanatupiana lawama.

Nilipita pale mwaka jana. Mjukuu mmoja analima nyanya na vitunguu kwa pampu, kijana hodari, ana simu mbili. Anataka shamba liwe moja, trekta lipite moja kwa moja bila kuzunguka, na mistari ya masale inamzuia. Alikuwa amekwisha kung'oa miche minne upande wa mfereji baba yake alipomkuta. Waligombana kidogo mbele yangu, kwa Kimeru, kwa heshima. Kisha kijana akachukua jembe, akairudisha ile miche minne ardhini, akaimwagia maji, na trekta likazunguka.